Huyu mwanamke anayeoga kwenye picha ya Ingres ametulia hivi kwa nini? Naomba mnisaidie kuusoma mpangilio

Brashi_Makole

Wakuu habari za jioni, naomba leo tuongee picha kidogo. Mimi ni mchoraji hapa Dodoma, riziki yangu inatoka kwenye potreti na mabango ya saluni na maduka, ila usiku nikitulia najisomesha picha za zamani za Ulaya kwenye simu, nazumu mpaka bando linakata.

Sasa kuna moja imenishika siwezi kuiacha. Ni ya Mfaransa Jean-Auguste-Dominique Ingres, aliichora mwaka 1808 akiwa Roma, hajafika hata miaka 30, leo ipo Louvre kule Paris na inaitwa Muogaji wa Valpinçon, hilo jina la mwisho ni la mtu aliyewahi kuimiliki. Kanvasi yenyewe imesimama, urefu sentimita 146, upana 97.

Kilichomo ndani ni kidogo mno. Mwanamke amekaa ukingoni mwa kitanda katupa mgongo, kichwani kafunga kilemba cheupe chenye michoro myekundu, kwenye kiwiko kajizungushia kitambaa, kushoto kuna pazia refu la kijani kilichofifia, chini kuna viatu vyepesi vyekundu, halafu kule nyuma kabisa, usipokuwa makini hulioni, kuna bomba dogo la kichwa cha simba linamwaga maji kwenye kidimbwi cha kuogea. Basi, hamna kingine. Hatumjui sura, hatujui anawaza nini, wala hakuna hadithi ya kusema mara fulani akaingia akakuta hivi. Lakini nikiiangalia hata kama nje bodaboda zinapiga honi najikuta nimeshusha pumzi.

Ninachoomba ni hiki, ni nini hasa kwenye mpangilio kinachofanya huo utulivu? Maana nina kanvasi yangu nataka kumchora mama anayemaliza kuoga jioni, bafu la nje la mabati kule uani kama tulivyozoea huku kwetu, ameshajifunga khanga, kakaa kwenye kigoda anajifuta miguu. Kila skechi inatoka na kelele, mabati yanapiga kelele, ndoo inapiga kelele, sura yake nayo inapiga kelele, mudi inakimbia. Na kingine ni ule mgongo wa Ingres, ni mkubwa, umekula katikati yote ya picha, hauna misuli wala vivuli vya maana, mtu mwingine akichora mgongo hivyo unaonekana haujaisha ila kwake umejaa. Anafanyaje?


Mwl_Kondoa

Karibu sana mkuu, hii picha naifundishia wanafunzi wangu wa sanaa kila mwaka kwa hiyo umenigusa pale pale.

Anza na mistari. Pazia linashuka wima toka juu mpaka chini, ukuta wa nyuma una mstari wa wima, mgongo wenyewe umesimama wima, shuka nayo inashuka na mikunjo yake, halafu kanvasi ndiyo hiyo ndefu ya kusimama. Mistari ya mshazari ndiyo inayoleta mwendo kwenye picha, mkono ulionyooshwa, mguu unaopiga hatua, mti ulioinama, sasa yeye kaiondoa karibu yote, iliyobaki ni midogo na imelala chini. Kwa hiyo jicho lako likiingia pale halipati njia ya kukimbilia, linapanda na kushuka taratibu juu ya mgongo ule ule.

La pili ni uso. Mkuu uso ni kelele kubwa kuliko zote, ukiuweka tu mtazamaji anakimbilia pale kabla hajaona kingine, anaanza kuuliza ana furaha, ana huzuni, ni mzuri, ananiangalia mimi. Ingres kaugeuza, unaona sikio na kipande cha shavu basi. Mtazamaji anabaki amesimama, hajaitwa wala hajafukuzwa. Huyo mama hajui kama upo na hana sababu ya kujua.

Halafu maji. Hapa ndipo ninapompenda kabisa. Kwenye picha nzima kitu pekee kinachotembea ni kale kauzi ka maji kanakotoka kwenye mdomo wa simba, na kakaweka mbali, kwenye giza, kadogo. Ukikaona tu unaanza kukasikia. Sisi watu wa mkoa huu tunaojua bomba likianza kutoa maji usiku masikio yanavyosimama tunaelewa haraka, sauti ndogo inayoendelea kwenye chumba kimya inafanya ukimya uonekane. Angeacha bila maji chumba kingekuwa kitupu tu, kisingekuwa kimya.

Rangi pia kabana sana, kijani cha pazia, weupe wa shuka, kijivu cha ukuta na rangi ya ngozi, nyekundu kaidondosha kidogo kule juu kwenye kilemba na kidogo kule chini kwenye viatu. Hizo nyekundu mbili zinaitana, zinakufanya upite mgongoni kutoka kichwani mpaka miguuni bila mtu kukuambia.

Kuhusu huo mgongo, Ingres alikuwa mwanafunzi wa mchoraji Jacques-Louis David na imani yake kubwa ilikuwa kwenye mstari. Mgongo umejaa kwa sababu ukingo wake unafanya kazi yote, fuata kutoka shingoni, ukashuka begani, ukaingia kiunoni, ukatoka tena, hakuna sehemu mstari umelegea au umebabaisha. Ndani ya ukingo kivuli kipo ila kinabadilika polepole mno, na mwanga ni mpole, haukati. Wengi tukiona hakuna misuli tunadhani ni rahisi, kumbe pale ndipo kazi ilipo, ukishindwa kingo huna pa kujificha.

Na hakuwa mtu wa kufuata mifupa kama daktari. Picha yake ya mwaka 1814, Odaliski Mkubwa, mwanamke wa harimu aliyejilaza katupa mgongo, ilipoonyeshwa Paris mwaka 1819 wakosoaji walilalamika kwamba mgongo una pingili zilizozidi. Kwake mstari ulidai urefu, akaupa. Siku ukipata nafasi njoo Kolo hapa Kondoa uone ile michoro ya miambani iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006, wale watu wekundu warefu wembamba, aliyewachora naye aliurefusha mwili kwa sababu picha ilitaka hivyo. Wanafunzi nikiwaonyesha hizo mbili pamoja wanaacha kuniuliza kama mkono umetoka sawa.


Mtu_wa_Hombolo

Mwalimu umesema vizuri na kwenye mistari sina neno. Ila mimi niseme ukweli ninavyoona, Ingres ametulia lakini ni baridi. Ni utulivu wa chumba kilichofungwa. Brashi_Makole anataka kuchora mama wa uani, jioni, amechoka, maji yamempoza, huyo hana baridi. Kwa mudi hiyo mimi ningemwambia aende kwa Rembrandt, yule mchoraji wa Uholanzi.

Kuna picha yake ya mwaka 1654, mwanamke anaingia kwenye kijito, ipo National Gallery London. Ni ndogo, kama sentimita 62 kwa 47, kaichora kwenye ubao wa mwaloni wala si kanvasi. Mwanamke anatembea kwenye maji kuja upande wetu, maji yamefika kwenye miundi, kainua gauni lake la ndani jeupe kwa mikono miwili lisilowe, anaangalia chini kwenye maji na mdomoni kuna kitu kama tabasamu ambalo hajui kama analo. Nyuma yake kingoni kuna joho zito la nyekundu na dhahabu kalivua kaliacha pale, zaidi ya hapo ni giza la kahawia.

Uso upo mwalimu, na haupigi kelele! Kwa sababu unaangalia chini. Umakini wake wote upo kwenye hatua inayofuata, mguu unatafuta pa kukanyaga, mtu yeyote aliyewahi kuvuka maji asiyoona chini yake anaijua ile sekunde. Kwa hiyo mimi sikubali kwamba lazima uso ufichwe. Swali ni macho yake yapo wapi. Yakija kwa mtazamaji mudi imeondoka, yakienda kwenye kile anachofanya mudi inabaki.

Na angalia rangi yenyewe ilivyowekwa. Lile gauni ni mapigo mapana, rangi juu ya rangi mbichi, imeburutwa nzito kama uji wa ulezi unavyoufuata mwiko, ukisogea karibu ni fujo, ukirudi nyuma ni kitambaa kimekunjana na kina uzito. Kuna sehemu kando ya pindo na kwenye mkono wake wa kulia hakufunika kabisa, kaacha kahawia ya chini ionekane ndiyo ikawa kivuli, watu wengine wakawa wanasema picha haijaisha, lakini kaiwekea sahihi na mwaka. Kwake ilikuwa imeisha. Hapo Ingres angeipiga msasa mpaka ing'ae, na ule uhai wa jioni ungeondoka.

Wengi wanaamini aliyemkalia ili achorwe ni Hendrickje Stoffels, aliyekuwa akiishi na Rembrandt bila ndoa. Mwaka huo huo wa 1654 baraza la kanisa lilimwita Hendrickje kwa sababu hiyo na kumzuia Meza ya Bwana, na mwaka huo huo akazaa binti, Cornelia. Mimi nikijua hivyo halafu nikaangalia alivyomchora, kwa upole ule, bila kumtangaza kwa mtu, naona picha inamwacha mtu apumzike.


Mama_Ntyuka

Wanangu hamjambo. Mimi si mchoraji, nafuma mikeka na napenda kuangalia, ila nimesoma yote nikaona niseme kama mama.

Mmeongea mistari na rangi, sawa, lakini kuna jambo la heshima na mimi naliona liko ndani ya mpangilio wenyewe, haliko pembeni. Mtu anayeoga ni mtu aliye peke yake. Huku kwetu ukipita uani ukasikia maji unakohoa, unageuka, hata kama ni dada yako. Sasa mchoraji anamleta mtu huyo mbele ya watu wote, kwa hiyo lazima aamue mtazamaji amesimama wapi. Amesimama mlangoni kwa ruhusa au anachungulia tundu? Hiyo Ingres mimi naona ni ya mtu aliyeingia kwa bahati akasimama, bado hajapiga hatua. Ya kijito ni ya mtu anayemjua na anampenda. Zipo nyingine nimeziona humo humo mitandaoni za hao hao Wazungu, mwanamke anaoga na wanaume wamejificha kwenye miti, hizo hata zichorwe vizuri vipi moyo unakataa.

Kuna moja binti yangu alinionyesha, ya Mfaransa Edgar Degas, Beseni, ya mwaka 1886, nikacheka kwa furaha maana ndivyo tunavyooga! Beseni la bati pana la duara lipo sakafuni, mwanamke kachuchumaa ndani, mkono mmoja kashika chini asianguke, mwingine anajisugua shingo na sponji. Kulia kuna rafu imejaa majagi na brashi ya nywele. Kachora kwa chaki za rangi, pasteli, na tunamwangalia kutoka juu kama mtu mzima aliyesimama karibu. Yule hajapumzika, yule anaoga kweli, ana kazi na mwili wake, goti linauma, maji yanapoa, afanye haraka. Na hata hivyo amestirika kwa namna yake kwa sababu amekunjamana na shughuli yake. Mwanangu wa Makole, mama yako wa kwenye kigoda mpe shughuli. Anajifuta kati ya vidole vya miguu, hapo mtu mzima anainama, anashika kifundo, mdomo unabana kidogo. Ukimkalisha tu ili apendeze itakuwa picha ya kalenda.

Na hiyo khanga iangalie sana. Khanga ina maneno. Ukiyaandika yakasomeka watu watasoma kwanza, watacheka, watabishana, mama wamemsahau. Ficha maandishi kwenye mkunjo, acha pindo na maua.


Brashi_Makole

Shikamoo mama, na asanteni wakuu, hili la khanga sijawahi kulisoma popote na ni kweli kabisa, skechi zangu zote jina la khanga lipo katikati ya mgongo linasomeka kama bango la duka.

Mwalimu na mtu wa Hombolo mmeniacha njia panda. Nikimgeuza mgongo nampata Ingres, lakini anayejifuta miguu akiwa amegeuka tunachoona ni mgongo ulioinama, si ule wa wima. Nikimgeuza mbele akaangalia chini nampata wa Rembrandt ila naogopa sura itabeba yote. Na hivi Degas na Ingres ni watu wa zama tofauti au kuna uhusiano? Maana naona wote wamerudi kwa muogaji.


Mwl_Kondoa

Uhusiano upo tena mkubwa, na unaihusu picha yako hii hii mkuu. Mwaka 1855 Paris walifanya maonyesho makubwa ya dunia na Ingres akapewa nafasi ya kuonyesha kazi zake nyingi pamoja. Huyo Valpinçon mwenye picha alikuwa anasita kuiazimisha, na Degas, wakati huo kijana tu, familia zao zilikuwa zinajuana, ndiye aliyemshawishi akakubali. Kupitia hapo akaonana na mzee Ingres, na mzee akamshauri achore mistari, mistari mingi. Degas aliishika hiyo maisha yake yote. Miaka 30 na kitu baadaye anakuja na pasteli zake za wanawake wanaooga, wanaojifuta, wanaochana nywele, akazionyesha kwenye maonyesho ya mwisho ya kundi lake la wachoraji, Waimpreshonisti, mwaka 1886, na mstari wa mgongo kwenye Beseni ukiufuata unaona kabisa mafunzo yametoka wapi. Ila kamtoa kwenye kitanda cha mashuka akamweka sakafuni, kapandisha jicho la mtazamaji juu, na ile rafu ya kulia imekata picha kama kisu.

Na Ingres mwenyewe hakumwacha yule mwanamke. Mgongo ule ule anaurudia mwaka 1828 kwenye picha ndogo, halafu mwaka 1862 kwenye Bafu la Kituruki, kanvasi ya duara, miili imejaa kila kona, na pale mbele kakaa yeye yule wa 1808 katupa mgongo, safari hii anapiga ala ya nyuzi. Aliandika kwenye picha umri wake, miaka 82. Uturuki hakuwahi kufika. Linganisha hizo mbili mkuu utajifunza zaidi ya maneno yangu, mgongo ni ule ule karibu mstari kwa mstari, lakini kwenye picha ya duara iliyojaa watu utulivu wote umekwenda. Kwa hiyo utulivu haukuwa kwenye mgongo peke yake. Ulikuwa kwenye nafasi aliyouachia.


Nuru_Miyuji

Jamani naomba niongeze moja maana mtu wa Hombolo ametaja picha ya 1654 na hajataja picha iliyo kama dada yake. Mwaka huo huo Rembrandt alichora Bathsheba, ipo Louvre pamoja na huyo wa Ingres, kanvasi ya mraba, sentimita 142 kila upande. Sisi tunaosoma Biblia habari tunaijua, Samweli wa Pili sura ya 11, Daudi anatembea juu ya dari ya jumba anamwona mwanamke anaoga.

Wachoraji wengi walimchora na mfalme kule juu anachungulia, ndiyo hayo mama anayoyakataa. Rembrandt kamtoa mfalme kabisa. Bathsheba amekaa, mwili wote mwangani, mzee mtumishi kainama chini anamfuta mguu, na mkononi kashika barua. Kwenye maandiko Daudi anatuma wajumbe, barua inayotajwa kwenye sura ile ni ile aliyompa Uria, mume wa Bathsheba, apeleke kwa Yoabu, barua ya kifo chake Uria mwenyewe. Kumpa Bathsheba barua lilikuwa jambo la kawaida kwa wachoraji wa Uholanzi, lakini mimi kila nikiiona hiyo karatasi naisoma mara mbili, ya kwanza inamwita yeye, ya pili inamuua mumewe, na usoni mwake naona kama anazijua zote.

Na hapa kuna kitu cha kukusaidia Brashi. Wataalamu walipoipiga eksirei waliona mwanzoni kichwa kilikuwa kimeinuka zaidi, baadaye Rembrandt akakishusha. Fikiria hilo. Mwili ni ule ule, barua ile ile, kashusha kichwa tu, na picha imekuwa ya mtu anayebeba uamuzi ambao si wake. Pembe ya shingo, basi. Kwa hiyo usiogope sura, chora skechi kadhaa za mama yule yule ukibadilisha shingo tu, usiguse kingine, utaona ipi inakaa.

Halafu mama yako anajifuta mguu mwenyewe, hiyo peke yake inabadilisha kila kitu, Bathsheba anafutwa na hajisikii, wa kwako anajisikia kila kidole.


Rangi_AreaC

Wakuu mimi ni mtu wa rangi, naongea mambo ya mikono tu.

Kwanza mwanga. Tatizo la skechi za uani hapa Dodoma ni jua. Ukichora mwanga wa mchana wetu kila kitu kinakatwa vipande, cheupe kabisa na cheusi kabisa, bati linametameta, na ukali huo ndio kelele unazosikia. Ingres alikuwa na mwanga wa ndani, Rembrandt giza lote lile. Subiri jua liingie nyuma ya nyumba, ile saa kumi na mbili kasoro, mbingu bado ina mwanga ila uani pote ni kivuli kimoja. Hapo ngozi inajaa, vivuli vinalegea, unapata zile hatua ndogo ndogo za mgongo alizosema mwalimu.

Pili, mabati mnayalaumu bure. Mabati yana migongo ya wima! Yapo yanashuka juu mpaka chini nyuma yake, ndilo pazia lenyewe hilo. Kinachotakiwa ni uyashushe yawe kijivu cha kati chenye kutu kidogo, tofauti kati ya mgongo wa bati na bonde lake iwe ndogo mno, usiweke ule mng'ao hata mmoja. Ukimkalisha mama aliyeinama mbele ya wima hizo, yeye atakuwa mshazari pekee kwenye picha nzima, na mshazari mmoja ndani ya wima nyingi hauleti fujo, jicho linamwendea yeye moja kwa moja. Mwalimu nisahihishe kama nimepotoka.

Ndoo iweke nyuma, nusu gizani, na kata iwe inadondosha tone. Usiiweke mbele, na kama ni ya plastiki ya bluu ipunguze iwe bluu ya vumbi, maana bluu ile ya dukani itaua khanga.


Mwl_Kondoa

Hujapotoka hata kidogo, la mabati naliiba naenda nalo darasani kesho. Nyekundu pia fikiria ziwe mbili tu, pindo la khanga na ndala chini, basi.


Brashi_Makole

Aisee nimepata kazi ya mwezi. Naamua hivi, anakaa robo tatu, mgongo na bega kwetu, kichwa kimeshuka, uso unaonekana kidogo tu upande wa shavu na macho yapo miguuni. Mabati nyuma kama pazia. Ndoo gizani. Khanga bila maneno. Nitaanza na rangi ya chini ya kahawia kama ya Rembrandt niache ionekane kwenye vivuli, halafu mgongo ndio niufanyie ule upole wa Ingres.

Mkuu wa Area C swali la mwisho, ninayo akriliki tu, rangi ya mafuta hapa naipata kwa kuagiza. Huo mgongo utawezekana kwa akriliki?


Rangi_AreaC

Unawezekana ila si kwa kuchanganya juu ya kanvasi. Ukame wa huku akriliki inakauka kabla hujageuza brashi, utabaki na michirizi. Changanya kabla, toni tano sita za ngozi kutoka mwanga mpaka kivuli, kila moja kwenye kikopo chake chenye kifuniko, halafu weka tabaka jembamba jembamba zenye maji, subiri likauke, weka jingine, usitafute kumaliza kwa tabaka moja. Kichupa cha kunyunyizia maji kiwe karibu kwa ajili ya paleti. Gauni la Rembrandt lile nzito ndilo akriliki inaliweza vizuri, kwa hiyo mapigo mapana yapeleke kwenye khanga, na ngozi ndiyo iwe laini.

Ukifika nusu piga picha utuwekee humu, ila uipige kivulini.